PICHA ZA BIDHAA SOKONI CUSTOM: KADI YA MASHINE TUIANDIKE WENYEWE



Wengi wetu tulio viwandani na mashambani tuna mguu mmoja kazini na mwingine sokoni. Mshahara haufiki mwisho wa mwezi. Jambo hilo halihitaji mkutano mkuu kulithibitisha. Baba yuko zamu ya usiku katika kiwanda cha nguo Jinja, mama anauza mashuka. Dada anachuma chai Kericho, kaka yake ana meza ya sabuni na mafuta ya kujipaka mjini Juba. Kwa ajili ya jamaa hao, safari hii tunaeleza jambo linaloonekana dogo lakini linaloweza kuwaongezea wateja au kuwafukuza: picha za bidhaa zinazopigwa kwa simu, na chombo cha kuzirekebishia kiitwacho priseti.

Pengine mtu atauliza, chama cha wafanyakazi kina kazi gani na picha? Jibu letu ni fupi. Akiba ya mfanyakazi ndiyo inayoingia katika biashara hizi ndogo, na ikipotea, uliopotea ni mshahara wake.

Tumechukua mfano wa Custom, mjini Juba, kwa sababu huko mambo yote yanakutana. Custom ni moja ya masoko makubwa ya mji huo na pia ni kituo cha magari ya abiria. Jina lenyewe ni la forodha. Bidhaa nyingi zinazouzwa hapo hupitia Mombasa, Kampala na Gulu, zikaingia kwa barabara ya Nimule, ambayo ni kilomita 192 za lami zilizokamilika mwaka 2012. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, lakini wafanyabiashara wa Uganda, Kenya na Kongo walikuwa wamekwisha kufika kabla ya hapo, na Kiswahili chao kinasikika mezani pamoja na Kiarabu cha Juba. Mteja naye siku hizi si yule tu anayepita mbele ya meza. Yuko Torit au Bor, anaona picha ya shuka katika WhatsApp, anatuma malipo kwa simu, na mzigo unapakiwa kwenye gari la abiria. Mtu huyo hakushika kitambaa. Alichokiona ni picha, na fedha yake ameitoa kwa kuiamini picha hiyo.

Sasa tuangalie picha hizo zinapigwa katika hali gani. Wakati wa kiangazi jua la Juba huwa kali kupita kiasi, na vumbi jekundu hutua juu ya kila kitu. Vibanda vimeezekwa kwa mabati, vingine vimefunikwa kwa turubai. Chini ya turubai la buluu kila kitu kinakuwa na ubuluu: shuka jeupe, sabuni ya manjano, hata uso wa muuzaji. Chini ya mwavuli mwekundu kila kitu kinaiva wekundu. Sisi tukiwa pale hatuoni tofauti kubwa, kwa sababu jicho la binadamu hujirekebisha lenyewe; linajua shuka ni jeupe, basi linaliona jeupe. Kamera hujaribu kufanya hivyo, na mara nyingi hushindwa. Ndiyo sababu utaona muuzaji mmoja ana picha kumi za bidhaa zake, na kila moja ina rangi yake, kana kwamba zimetoka kwenye maduka kumi.

Hapo ndipo inapoingia priseti.

KADI YA MASHINE

Kila aliyefanya kazi kiwandani anaijua kadi inayoning'inia kwenye mashine. Fundi wa zamu ya mchana amejaribu, amepima, amepata vipimo vinavyofaa: joto kiasi hiki, kasi kiasi hiki, dakika ngapi. Ameviandika. Zamu ya usiku haianzi kubahatisha upya, inafuata kadi. Priseti ni kadi ya namna hiyo kwa ajili ya picha. Programu ya kurekebisha picha ina mistari mingi ya kusukuma kwa kidole kushoto au kulia: wa kuongeza mwanga, wa kupunguza giza la vivuli, wa kukoleza rangi, wa kuipeleka picha upande wa ubuluu au wa umanjano. Ukisha kupata mchanganyiko unaokupendeza, programu inakuruhusu kuuhifadhi na kuupa jina. Picha inayofuata unabonyeza jina hilo mara moja, na mistari yote inasogea yenyewe mpaka pale ulipoiacha.

Programu ziko nyingi. Lightroom ya kampuni ya Adobe ilitoka mwaka 2007 kwa ajili ya kompyuta na baadaye ikaja kwenye simu. Ina toleo lisilolipiwa, ingawa sehemu zake kadhaa zinalipiwa. Snapseed, ambayo Google iliinunua pamoja na kampuni iliyoitengeneza mwaka 2012, haina malipo, nayo pia inakubali kuhifadhi mtindo wako. Kwa mwenye meza Custom yoyote kati ya hizo inatosha.

Lakini tuielewe vizuri kadi hii. Ndani yake mna tarakimu tu. Haijui unapiga picha ya nini. Kama kadi inasema ongeza mwanga daraja moja, itaongeza daraja moja kwa picha iliyopigwa gizani na kwa picha iliyopigwa juani, sawasawa. Na daraja moja si kitu kidogo: ni sawa na kuzidisha mwanga mara mbili. Ile ya gizani itapendeza, ile ya juani itaungua na kuwa karatasi nyeupe. Wenzetu wa viwanda vya kutia rangi nguo wanalijua jambo hili kuliko sisi. Mchanganyiko wa dawa ukiwa uleule lakini kitambaa kibichi kilichoingia ni kingine, rangi inayotoka ni nyingine. Mtu halaumu mchanganyiko. Anaangalia kwanza kilichoingia.

Kwa hiyo, kabla ya priseti yoyote, hapana budi picha zenyewe zipigwe kwa namna moja. Mahali pamoja, saa moja, nyuma ya bidhaa pawe na kitu kilekile. Mlangoni mwa kibanda, ndani kidogo ya kivuli, ambapo mwanga unatoka upande mmoja na jua halipigi bidhaa moja kwa moja, ndipo panapofaa zaidi. Turubai la rangi lifunuliwe upande huo au uhame chini yake. Ukining'iniza shuka la kijivu au khanga kuukuu isiyo na maua nyuma ya bidhaa, utakuwa umefanya nusu ya kazi bila kugusa programu yoyote. Sisi tunaamini kwamba nusu hiyo ndiyo kubwa, lakini haitangazwi kwa sababu haina mtu wa kuiuza.

KADI ILIYOANDIKWA NA MWINGINE

Priseti zinauzwa. Mtu akifungua simu atatangaziwa furushi la priseti mia moja kwa dola kadhaa, na picha za mfano zinazovutia kweli: mkahawa wenye kuta nyeupe, bibi mwenye nywele za dhahabu, kikombe cha kahawa kando ya dirisha. Hatusemi kwamba waliotengeneza ni wezi. Tunasema walitengeneza kwa mwanga wao na kwa vitu vyao. Mtindo mmoja uliopendwa sana miaka ya 2010 ulikuwa kuvipeleka vivuli kwenye rangi ya bahari na ngozi ya mtu kwenye rangi ya chungwa. Ukiuweka juu ya picha ya Juba, yenye vumbi jekundu na watu weusi tititi, utapata ardhi inayowaka moto na mtu aliyegeuka rangi ya matofali. Dola zimekwenda.

Habari hii haikuanza na simu. Kwa miaka mingi kuanzia miaka ya 1950, kampuni ya Kodak ya Marekani ilikuwa ikipeleka kwenye maabara za kusafishia picha kadi ya kupimia rangi, yenye picha ya mwanamke mzungu. Mafundi waliita kadi hizo Shirley. Mashine ilirekebishwa mpaka ngozi ya Shirley itoke vizuri. Ngozi nyingine zote zilichukua zilichopata. Watoto weusi na weupe wakipigwa picha moja ya darasa, weupe walionekana na weusi wakabaki meno na macho. Lorna Roth, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Concordia nchini Kanada, aliichunguza historia hii na kuichapisha mwaka 2009. Alichokiandika ni hiki: watu wa ndani ya Kodak wenyewe walimweleza kwamba malalamiko yaliyoisukuma kampuni kuboresha rangi za kahawia hayakuwa ya wazazi wa watoto wale. Yalikuwa ya watengenezaji wa samani na wa chokoleti, ambao hawakuweza kuonyesha tofauti ya mbao moja na nyingine, wala ya chokoleti nyeusi na ya maziwa. Msomaji wa gazeti la wafanyakazi hatashangaa sana kusikia kwamba kabati lilisikilizwa kabla ya mtoto.

Tangu hapo kumekuwa na maendeleo. Mwaka 2021 Google ilitoa simu ya Pixel 6 ikitangaza kwamba kamera yake imerekebishwa ili ngozi nyeusi itoke vizuri zaidi. Lakini simu hiyo siyo iliyomo mfukoni mwa muuza mashuka.

KUIANDIKA KADI YETU

Tuchukue mfano wa mama anayeuza milaya, yale mashuka ya Sudan Kusini yaliyotariziwa kwa mkono kwa nyuzi za rangi nyingi. Ni kazi ya wiki nyingi, bei yake si ndogo, na rangi ndiyo bidhaa yenyewe. Mama huyu atafanyaje?

Kwanza apige picha moja mlangoni, akiwa ameweka karatasi nyeupe ya daftari kando ya shuka. Aifungue katika programu na kuanza na weupe. Katika Lightroom kuna kidude cha kugusia kitu ambacho hakina rangi: akigusa karatasi ile, programu inajua kwamba hapa ni peupe au kijivu, na inaondoa ubuluu au umanjano uliozidi. Rangi ya mwanga hupimwa kwa kipimo kiitwacho Kelvin: taa ya balbu ya kizamani ni karibu 2,800, jua la mchana karibu 5,500, na kivulini huweza kupita 7,000. Kwa hiyo namba ya asubuhi kivulini haifai usiku chini ya balbu. Jambo hili ni la muhimu: wakati wa kuhifadhi priseti, Lightroom inauliza ni vitu gani viingie ndani yake, na hapo mama aondoe alama kwenye weupe. Weupe arekebishe kila siku kwa karatasi yake, na mengine yote aiachie priseti.

Pili, mwanga. Kamera ya simu hudhani kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa pamoja, ni cha kijivu cha wastani. Ikiona shuka jeupe limejaa picha nzima, inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na shuka linatoka kama halikufuliwa. Ikiona suti nyeusi inaongeza, na suti inatoka imechujuka. Kwa hiyo bidhaa nyeupe ziongezewe mwanga kidogo na nyeusi zipunguziwe, hasa wakati wa kupiga, kwa kugusa kioo na kusukuma kidole juu au chini. Anayeuza vyote viwili awe na priseti mbili, na azipe majina yanayoeleweka, siyo namba.

Baada ya hapo si mambo mengi. Kufungua vivuli kidogo ili mikunjo ya kitambaa ionekane. Kuongeza ukali kidogo ili uzi wa tarizi uonekane ni uzi. Kukata picha zote kwa umbo la mraba.

Na rangi? Hapa tunaomba subira ya msomaji, maana ndipo watu wanapoharibu. Mstari wa kukoleza rangi ni mtamu kuliko yote. Ukiusukuma kulia kidogo tu, nyekundu inaruka, kijani kinang'aa, na picha ya jirani inaonekana imekufa. Jirani naye anasukuma zaidi. Mwisho wake mteja wa Torit anaagiza shuka la nyekundu ya damu na kupokea la rangi ya matofali. Analirudisha kwa gari lilelile. Nani analipa nauli ya mzigo mara mbili? Nani amepoteza mteja? Na akiwa hana njia ya kulirudisha, basi amenyang'anywa, hata kama aliyemnyang'anya hakukusudia. Ushauri wetu ni kwamba mstari wa kukoleza rangi ukae karibu na sifuri, na kabla ya kuhifadhi priseti, shuka lenyewe lishikwe kando ya kioo cha simu, mlangoni penye mwanga, na watu wawili watazame. Katika viwanda vya kuchapa maboksi hakuna mzigo unaotoka kabla karatasi haijalinganishwa na sampuli iliyokubaliwa. Sampuli ya mama huyu iko mikononi mwake, hahitaji kuitafuta.

Ngozi ya mtu inafuata sheria hiyohiyo, ila kwa uzito zaidi. Muuza nguo akimvalisha binti yake gauni na kumpiga picha, programu nyingi za simu zina kitufe cha kurembesha uso, na kazi ya kwanza ya kitufe hicho mara nyingi ni kumfanya mtu kuwa mweupe. Kizimwe. Ngozi nyeusi haihitaji kupaushwa ili ionekane. Inahitaji mwanga laini kutoka upande: mtu akae kivulini akitazama nje, na upande wa pili ashikiliwe kitambaa cheupe kirudishe mwanga usoni. Akigusa uso kwenye kioo, kamera itaongeza mwanga kupita kiasi, kwa sababu ileile tuliyoieleza. Basi apunguze kidogo mpaka uso urudi kuwa wake. Priseti iliyotengenezwa hivyo inamfaa kila mtu wa meza ile.

Faida ya kazi yote hii ni nini? Mteja anapopitisha kidole juu ya picha mia za wauzaji mia, zile zenye mandhari moja, mwanga mmoja na rangi moja anazitambua kabla hajasoma jina. Makampuni makubwa hulipa wataalamu ili boksi la sabuni lifanane kila mahali. Meza ya Custom inaweza kupata sehemu ya faida hiyo kwa shuka la kijivu, karatasi ya daftari na jioni moja ya kujaribu. WhatsApp Business, ambayo ilitoka mwaka 2018, ina sehemu ya kupanga bidhaa na bei zake, na hapo ndipo picha zilizofanana zinapoonyesha nguvu yake.

Kuna mambo mawili ya tahadhari yanayohusu Juba hasa. La kwanza, huo si mji wa kupiga picha ovyo. Kupiga picha mahali pa umma bila kibali kunaweza kumletea mtu matata na askari, na simu ikachukuliwa. Picha za bidhaa zipigwe ndani ya kibanda, kamera ikitazama meza na ukuta, kamwe isitazame barabara, majengo ya serikali wala watu wenye sare. Hii ni sababu nyingine ya kupenda lile shuka la kijivu. La pili, picha asili zihifadhiwe kwenye simu na mahali pengine pa pili. Januari 2025 mamlaka ya mawasiliano ya Sudan Kusini iliamuru Facebook na TikTok zifungwe nchini. Amri iliondolewa baada ya siku chache, lakini ambaye picha zake zote zilikuwa humo alikaa siku hizo bila duka. Programu nyingi za namna hii huacha picha asili bila kuigusa na kutoa nakala iliyorekebishwa. Usifute asili kwa sababu nakala imependeza.

Mwisho tuzungumzie kazi ya mikono, maana mara nyingi si mwenye meza anayerekebisha picha. Ni kijana wa jirani anayejua simu. Hupewa soda na kuambiwa ahsante. Ndugu zetu, hiyo ni kazi kama kazi nyingine. Macho yanachoka, betri inakwisha, bando linaliwa. Akubaliane na mwenye meza kwa idadi ya picha au kwa siku, na makubaliano yaandikwe hata kwenye karatasi ya daftari: picha ngapi, malipo kiasi gani, yanalipwa lini, na nani anabaki na picha asili na ile priseti. Mwenye meza naye ahakikishe priseti imehifadhiwa katika simu yake mwenyewe. Njia rahisi ni kuiandika ile kadi kwa kalamu, kila mstari na tarakimu yake, na kuibandika ndani ya mlango wa kibanda.